Njia ya Kupanda Masingini

Masingini ni mgongo wa ardhi ulioinuka nyuma ya Bububu, mwendo wa kilomita kumi hivi kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kilele chake kinafika mita 120 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kisiwa kizima cha Unguja hakuna ardhi iliyo juu kuliko hapo. Kwa mtu aliyekulia Lushoto au Moshi kipimo hicho ni kidogo. Lakini Unguja ni kisiwa bapa, na anayeondoka Darajani, mjini, asubuhi kwa miguu, akafuata barabara ya pwani hadi Bububu kisha akakata kulia kuelekea Kidichi, huuacha mchanga wa pwani na kukikabili kilima chote kwa mkupuo mmoja. Mpando si mrefu, ila ni wa kutoa jasho, hasa wakati wa kaskazi jua linapochoma tangu saa tatu. Kwenda na kurudi ni kazi ya siku nzima. Siku hizi wapo wanaopanda ili watazame mandhari tu. Zamani waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache mno. Wengine wote walipanda kwa sababu kilima kilikuwa na kitu ambacho mji ulikitaka, na mtu alihitajika wa kukiteremsha.

Sababu ya kwanza iko chini ya ardhi. Unguja ina sura mbili. Mashariki na kusini ni nchi ya uwanda, jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo mwembamba, ambako mvua ikinyesha maji hupotea mara moja katika mianya ya mawe. Magharibi na katikati kuna matuta ya udongo wa kina, ambao wakulima wameupa majina tangu zamani: kichanga, kinongo chekundu kinachopendwa na miti, na kinamo kinachonata miguuni. Masingini ndilo tuta kubwa kupita yote. Mvua za masika na vuli huinywesha ardhi hiyo, maji hushuka taratibu ndani ya udongo, kisha hujitokeza chini ya mteremko kama chemchem. Kisiwa hakina korongo la kuta za mawe kama la Olduvai. Kilichopo ni mabonde membamba yaliyochimbwa na vijito. Kijito cha Mtoni hukimbilia magharibi na kuingia baharini baada ya safari fupi sana. Mto wa Mwera huelekea upande wa pili, na ukifika kwenye nchi ya matumbawe humezwa na ardhi usionekane tena.

Jina la Bububu, mji mdogo ulio chini ya kilima, linatokana na maji hayo. Watu husema ni mlio wa chemchem inayobubujika. Maelezo mengine, yanayosikika sana kwa wanaowaongoza wageni, ni kwamba jina lilitokana na mlio wa gari moshi lililofika hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Haya ya pili hayawezi kuwa kweli. Sayyida Salme binti Said, aliyeishi Bububu kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866, aliitaja kwa jina hilo hilo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya reli yoyote kufika huko.

Mabaharia ndio walioyathamini maji ya kilima hiki mapema kuliko watu wa mjini. Visima vya mjini vilikuwa vya maji mazito, vingine vya chumvi chumvi, kwa kuwa mji umekaa juu ya rasi nyembamba iliyokuwa ikizungukwa na bahari karibu pande zote. Mtoni kijito kilimwaga maji matamu ufukweni kabisa, na merikebu zilizokuwa zikijiandaa kwa safari ndefu zilituma mashua kujaza mapipa hapo. Seyyid Said bin Sultan wa Omani, aliyefika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, alijenga jumba lake Mtoni, kando ya kijito hicho. Humo Salme alizaliwa mwaka 1844, na humo Seyyid Said aliendesha sehemu kubwa ya maisha yake ya Unguja, bahari mbele yake na mashamba nyuma yake. Hakuchagua pahala hapo kwa uzuri wake peke yake. Anayekaa Mtoni anashika mdomo wa njia ya kwenda kilimani.

Huko kilimani palikuwa na msitu. Kilichouondoa ni mkarafuu. Mti huu ni wa visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Wafaransa waliupeleka Réunion na Mauritius, na kutoka huko ukaletwa Unguja katika miaka ya 1810. Anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abri, mfanyabiashara wa Kiarabu, aliyekuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said alimnyang'anya mashamba hayo, akayafanya yake, kisha akawahimiza wenye ardhi wote wapande karafuu. Mkarafuu hautaki kusimama kwenye maji. Unataka udongo wa kina, mteremko, na mvua ya kutosha. Matuta ya Masingini, Kidichi, Kizimbani na Dole yalikuwa na hayo yote. Katika muda wa miaka ishirini au thelathini miti ya msitu ilikatwa, mikarafuu ikasimama kwa mistari, na Unguja ikawa soko la karafuu la dunia.

Waliofyeka msitu ule na kuipanda mikarafuu walikuwa watumwa. Walitolewa bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakavushwa kwa majahazi, wakauzwa mjini, na wengi wa waliobaki kisiwani walipelekwa shamba, kama nchi yote ya nje ya mji inavyoitwa hadi leo. Kwa desturi ya Unguja mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano za juma, na siku mbili, Alkhamisi na Ijumaa, alijilimia kipande chake cha muhogo na viazi. Wakati wa kuchuma desturi hiyo ilikuwa ikivunjwa, kwa sababu karafuu haingoji.

Uchumaji wenyewe unaonyesha vizuri kwa nini kilima kilihitaji watu wengi kiasi kile. Kitu kinachouzwa ni kitumba cha ua kabla hakijafunguka. Kikichelewa siku chache kinachanua na thamani yake inaondoka. Mchumaji hupanda mti, ambao unaweza kuzidi mita kumi, huvuta tawi kwa kigoe, hukata kichala kizima na kukitia katika pakacha. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na kuanguka kumewaua na kuwalemaza wachumaji wengi tangu enzi hizo hadi zetu. Jioni kichala huwekwa kiganjani, kikasokotwa, vitumba vikaanguka upande huu na makonyo upande ule. Kazi hiyo ya kuchambua hufanywa wakati watu wamekaa, na mikono hubaki na harufu kwa siku nyingi. Asubuhi karafuu huanikwa juu ya majamvi. Wingu likitanda lazima zianuliwe mbio, la sivyo zinavunda. Baada ya siku nne mpaka sita za jua jema zimegeuka rangi kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia, na zimepoteza karibu theluthi mbili za uzito wake.

Zikishakauka zilipaswa kushuka. Hapa ndipo njia ya Masingini ilipopata umbo lake. Magunia na makanda yaliteremshwa kwa vichwa vya watu na kwa migongo ya punda, kutoka Kizimbani na Kidichi hadi Mtoni au Bububu, na kutoka hapo kwa mashua hadi forodha ya mjini. Kupanda walibeba mchele, nguo na samaki wakavu. Njia ilifuata migongo ya matuta ili kukwepa kinamo cha mabondeni, ambacho wakati wa masika humzamisha punda hadi magotini. Majina ya waliobeba mizigo ile hayakuandikwa mahali popote, ingawa vitabu vya hesabu vya forodha viliandika kila kilichobebwa. Mashimo na mikunjo ya njia za zamani kati ya mashamba ya Kidichi na Bububu ni kazi ya nyayo zao.

Wapo waliopanda kwa raha, na alama yao imebaki Kidichi. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Seyyid Said alimwoa binti wa kifalme kutoka Uajemi, Binti Irich Mirza, mjukuu wa Fath Ali Shah, ambaye katika kitabu cha Salme anaonekana kama mwanamke mchangamfu, mpenda farasi na mawindo, asiyejali sana desturi za nyumba ya mumewe. Bwana na bibi walikuwa wakipanda kilimani kuwinda na kukagua mashamba. Kwa ajili yake ilijengwa hamamu ya Kidichi, inayopewa kwa kawaida tarehe ya 1850, karibu na sehemu ya juu kabisa ya kisiwa, ambako mtu anayetoka jua kali na vumbi la njia angeweza kuoga na kupumzika.

Jengo hilo bado limesimama, na linastahili kutazamwa polepole. Kwa nje ni makuba madogo meupe ya mviringo, yamekaa kama vyungu vilivyofunikwa. Ndani kuna chumba cha kubadilishia nguo, madimbwi ya kuogea, mabaraza ya kukandwa, na chini ya sakafu nafasi ya moto uliopasha maji. Mwanga huingia kwa matundu ya juu. Kutani, lipu imechongwa maua, mitende na ndege. Ndege hao ndio wanaowashangaza wajuzi, kwa kuwa watawala wa Unguja walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, na katika majumba yao sura za viumbe hai ni nadra mno. Mkono uliochonga ulikuwa na mazoea ya Uajemi. Unyevu umekula sehemu ya kazi hiyo. Nyumba ya mapumziko iliyokuwa pamoja na hamamu imekwisha kabisa, na ndoa yenyewe haikudumu: mjukuu wa Shah alipewa talaka akarudi kwao. Kizimbani iko hamamu nyingine, ndogo, isiyo na mapambo.

Salme mwenyewe aliijua njia hii kwa pande zote mbili. Baada ya baba yake kufariki mwaka 1856 na ndugu zake Majid na Barghash kugombania kiti mwaka 1859, yeye aliyekuwa upande wa Barghash alikimbilia utulivu wa shamba lake la Kizimbani. Kitabu chake kinaisifu hewa ya huko na ukarimu wa watu wa shamba, lakini aliikosa bahari. Mtu aliyelelewa Mtoni, akiamka kila siku kwa kuona matanga, hakuweza kuzoea miti tupu pande zote. Akateremka, akachukua nyumba Bububu, ufukweni. Sura moja ya kitabu chake imebeba majina ya sehemu hizo mbili kwa pamoja.

Utajiri wa kilima ulivunjika siku moja. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, jambo lisilo la kawaida kabisa katika latitudo hii. Majahazi na merikebu zilizotia nanga mbele ya mji zilizama au kutupwa pwani, na katika matuta sehemu kubwa ya mikarafuu iling'olewa. Mkarafuu mchanga huchukua miaka mitano hadi saba kabla ya kuzaa, na zaidi kabla ya kuzaa vya kutosha. Pemba iliponea, na tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu, si Unguja. Mwaka uliofuata soko la watumwa la mjini lilifungwa kwa mkataba, na mwaka 1897 hali ya utumwa yenyewe ikaondolewa kisheria. Mashamba ya Masingini hayakufa, ila minazi, michungwa na miembe ilijaza mapengo, na wachumaji wakawa vibarua wa kulipwa kwa pishi, wengine Wahadimu na Watumbatu wa visiwani, wengine watu wa bara.

Wakati karafuu zikipungua, maji yalipanda thamani. Kipindupindu kilikuwa kimeishambulia Zanzibar zaidi ya mara moja, na wimbi la 1869 na 1870 liliua maelfu. Visima vya mjini vilikuwa karibu na vyoo na makaburi. Barghash alikalia kiti Oktoba 1870, mara baada ya msiba huo. Miaka kumi na moja nyuma, baada ya jaribio lake la kumpindua Majid kushindwa, Waingereza walikuwa wamempeleka uhamishoni Bombay, naye alikuwa huko mji huo ulipopata maji ya mabomba kutoka bwawa la Vihar mwaka 1860. Alipokuwa mtawala alifanya jambo linalofanana na hilo. Maji ya chemchem za upande wa Bububu yalikusanywa na kuletwa mjini kwa mifereji na mabomba, umbali wa kilomita kadhaa, bila mashine ya kuyasukuma. Mteremko uleule uliowachosha wapagazi ulifanya kazi hiyo bure. Watu wa mjini, waliozoea kununua mtungi kwa mchota maji, walianza kupata maji ya chemchem karibu na milango yao. Katika kazi zote za Barghash, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 ndiyo inayopigwa picha. Iliyookoa roho nyingi zaidi, kwa uzito wowote wa haki, ni hii ya maji. Anayetembea kwenda Bububu hupita Maruhubi, jumba jingine la Barghash, lililoungua mwaka 1899, na ndani ya magofu yake huona nguzo na mabaki ya mfereji wa mawe.

Baada ya hapo njia ilibadilika kwa haraka. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyembamba kutoka mbele ya Ngome Kongwe, kupitia Darajani, hadi Bububu, kilomita kumi na moja hivi, nayo ikaanza kazi mwaka 1905. Gari moshi lilipita karibu na milango ya watu mjini, likirusha cheche. Serikali iliinunua reli mwaka 1911. Kwa mtu wa Kidichi maana yake ilikuwa moja: mzigo uliteremshwa hadi chini ya kilima tu, na mguu wa pwani ukaachiwa chuma. Lakini barabara za lami na magari ziliishinda reli, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha. Juu ya kilima gari la ng'ombe liliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi baadaye, na katika vijia vya mashamba bado linaonekana.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha wenye kilima. Ardhi ilitaifishwa mwaka huohuo, na kuanzia 1965 serikali ya Abeid Amani Karume iliyagawa mashamba makubwa kwa eka tatu tatu kwa kila familia. Sehemu za Kidichi, Kizimbani na Dole ambazo wazee wa baadhi ya familia hizo walizilima wakiwa watumwa au vibarua zikawa mikononi mwao. Eka tatu za kilimani ni shamba la ngazi nyingi: minazi na mikarafuu juu, migomba na michungwa katikati, muhogo na viazi chini. Baadaye viungo vilivyokuwa vya jikoni na soko, kama mdalasini, hiliki, kungumanga, pilipili manga na vanila, vilipata kazi ya pili, ya kuonyeshwa kwa watalii, na vijana wa Kidichi wakawa mafundi wa kusimulia majani.

Sehemu ya juu kabisa ya mgongo haikugawiwa kwa kilimo. Ilihifadhiwa kama msitu wa serikali, wenye zaidi ya hekta 500, kwa sababu inayoeleweka na kila anayefungua bomba mjini: miti ikiondoka, mvua haitazama ardhini, na chemchem za Mtoni na Bububu zitapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kima punju, mnyama asiyepatikana porini popote duniani isipokuwa Zanzibar, walihamishiwa huko kwa kuhofiwa kwamba makao yao ya kusini yangeangamia. Shinikizo kubwa la sasa linatoka upande wa mji. Nyumba zimepanda kutoka Bububu na Mtoni mpaka kwenye miguu ya kilima, na ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imefunikwa kwa saruji na mabati. Mpaka wa msitu unahitaji kulindwa kwa nguvu kuliko wakati wowote.

Njia ya leo ina sehemu mbili. Ya chini ni barabara ya lami inayotoka Bububu kwenda Kidichi na Kizimbani, ambayo imekaa karibu na mkondo wa njia ya zamani. Ya juu ni vijia vya udongo vinavyoingia msituni, vyenye utelezi wakati wa masika, na baadhi yake ni vikali hata mtu hushika mizizi ili ajivute. Penye mwanya kati ya miti upande wa magharibi mkondo wa bahari huonekana, na visiwa vya Changuu, Chapwani na Bawe mbele ya mji. Bonde la Mtoni liko chini, mstari wa kijani kibichi zaidi kati ya mapaa. Kwa kushuka, wengi huishia Bububu na kupanda daladala kurudi mjini, kwa barabara inayopita Kibweni, Mtoni na Maruhubi, upande uleule wa pwani ambako mabehewa ya reli yalipita na, kabla yake, mashua za karafuu.